Mgongaji wa Kichaka cha Itigi

Mwajuma ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaoajiriwa sasa kutengeneza gemu. "Andika ulivyofanya kazi, mama," alisema, "ila usituhutubie." Haya, nitajaribu. Kabla ya kuja kwenu nilikuwa mtumishi wa misitu kwa miaka zaidi ya thelathini, yote Itigi, na kazi ile ilinizoesha kutembea nimeinama na kusema na watu kwa ukali. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilipandishwa, nikasahauliwa, nikastaafu, na kila mtumishi anaijua njia hiyo.

Nilifika Itigi kwa treni, asubuhi, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kazi. Chuoni tulifundishwa misitu kwa picha za miti mirefu yenye kivuli, chini yake kuna mtu amevaa kofia. Nilipomuuliza mtu wa stesheni msitu uko upande gani, alinionyesha kwa kidevu tu. Nikatazama, nikaona vijiti. Vijiti vya kijivu, vimemzidi mtu kimo kidogo, vimesongamana mpaka macho yalipokomea. Nikasema moyoni, jamani, nimesoma miaka miwili nije kulinda kuni?

Aliyenipokea ni Mzee Ntandu. Hakuwa mkubwa wangu. Alikuwa kibarua wa ofisi, na siku ambazo ofisi haikumhitaji alikuwa mrina asali, mizinga yake ya magogo ameitundika humo humo kichakani. Wakati ule hata uzee hakuwa nao, alikuwa na miaka arobaini na kidogo, ila alikuwa na ule utulivu unaokufanya umwite mtu mzee bila kuambiwa. Alinitazama buti mpya, dira mpya, filimbi mpya ya ofisi inaning'inia shingoni.

"Filimbi ya nini, binti?"

"Nikipotea nipulize, mzee."

"Ukipuliza, watajua umepotea," alisema. "Uko wapi, hawatajua."

Siku ya tatu nilipotea. Nitawaambia ukweli wote kwa kuwa nimeshakuwa mtu mzima na aibu imeniishia: niliingia kichakani kujisaidia, na kwa kuwa ofisi nzima ilikuwa ya wanaume nikasogea kidogo zaidi. Kisha nikageuka kurudi. Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa utosini, halina kivuli cha kukuambia huku ni wapi na kule ni wapi, na kila kijiti kilifanana na mwenzake. Nikatembea. Kukawa kimya kile cha mchana ambacho ukikisikiliza sana unaanza kusikia damu yako. Baada ya muda nikaona alama za buti mchangani, nikafurahi, nikajua kuna mtu amepita. Nikazifuata kwa bidii sana, nikamsimulia kimoyomoyo huyo mtu habari zangu, nikamwona kabisa alivyo, mwembamba, ana haraka, hataki kugeuka. Nilizifuata muda mrefu kabla ya kutambua kwamba buti zile ni zangu.

Filimbi niliipuliza mpaka midomo ikafa ganzi. Nilisikia watu wakiita jina langu, ila waliliita kutoka kila upande, hata kutoka juu. Kisha nikasikia kitu kingine: ko, ko. Taratibu, kutoka sehemu moja. Nikakifuata. Mzee Ntandu alikuwa amesimama njiani anapiga gogo kavu kwa kisogo cha shoka. Tulipima baadaye umbali niliokuwa nimepotea. Hatua arobaini.

Hapo ndipo nilipofundishwa kazi. Sauti ya mtu kichakani inatapanyika, alisema, sauti ya gogo haitapanyiki. Ukipotea, gonga mara tatu, usubiri, ugonge tena. Na ukisikia tatu, jibu mbili, kisha uendelee kugonga mpaka mwenzako akufikie.

"Nikijua ni mwizi wa miti je?" nilimuuliza.

"Utajuaje? Humwoni."

"Nikihisi tu."

"Jibu kwanza," alisema. "Kuhisi utahisi baadaye."

Warina asali wote wa Itigi wanaishika sheria hiyo, na wachungaji, na wachimba dawa. Haimo kwenye kitabu chochote cha serikali na mimi sikuwahi kuiandika kwenye ripoti. Kuna mwaka nilimsaka mchoma mkaa mmoja miezi miwili. Nilifuata moshi wake, nikapotea, mimi mwenye miaka kumi na mitano kazini! Nikameza aibu, nikagonga. Nikajibiwa. Nikafuata mlio mpaka nikatokea mbele ya mtu mweusi kwa masizi, nyuma yake tanuru linafuka. Tukatazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akanipa maji, akanitoa mpaka kwenye reli. Nikamwambia asante sana, kesho nakuja kukukamata. "Karibu, mama," akasema. Kesho yake nilikwenda na askari wawili. Tanuru limezimwa kwa udongo, mtu hayupo. Niliandika: nimekuta tanuru, mhusika hakuwepo. Ilikuwa kweli tupu.

Miaka ya katikati siwezi kuipanga. Naikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi mzuri. Mvua za kwanza zinanyesha, na kile kijivu chote kinageuka kijani ndani ya siku chache hata njia niliyoipita juzi siioni. Mbung'o wananiuma kupitia shati. Mzee Ntandu yuko mbele yangu, mgongo wake unaonekana, unapotea, unaonekana. Treni inapiga honi mbali, nami siamini kama duniani bado kuna treni. Ukikaa sana humo unaanza kuona kama kichaka kinakutembeza chenyewe, nawe huna ubishi nacho.

Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja, nafuga kuku na kugombana nao, walipokuja Elias na Mwajuma kwa pikipiki, vumbi mpaka kope. Elias alikuwa ameacha ualimu wa kompyuta. Mwajuma alikuwa anachora na kutengeneza sauti. Wakanisalimia vizuri, wakanywa maji, ndipo Elias akasema wanatengeneza gemu ya kutisha: mchezaji amepotea porini na anatakiwa atoke akiwa hai. Akafungua kompyuta yake mezani pangu. Nikaona usiku, mwezi, ukungu, miti mikubwa yenye kamba zinazoning'inia, na mnyama analia.

"Huyo ni nani?"

"Mbwa mwitu, mama."

"Wa Itigi?"

Elias akapunguza sauti ya kompyuta.

"Toeni huo mwezi," nikawaambia. "Toeni ukungu, toeni hiyo miti, na huyo mbwa arudishwe kwao Ulaya. Wekeni saa sita mchana."

"Mchana hautishi, mama," Elias alisema, kwa heshima lakini kwa ule uvumilivu ambao vijana huutumia kwa wazee.

Nikachukua panga langu, nikawapeleka. Tulitembea kama dakika kumi, nikasema basi, turudi, tangulieni nyie. Wakatangulia, nami nikawafuata kimya. Walikuwa wanakwenda sivyo tangu hatua ya kwanza. Baada ya robo saa Elias alikaa chini, na Mwajuma akaanza kucheka kicheko ambacho hakuweza kukizuia. Jua lilikuwa zuri kabisa, ndege wanaimba. Wiki iliyofuata nikawa mfanyakazi wao.

Chumba kile cha juu ya duka la vipuri, pale Singida mjini, mnakijua. Kazi yangu ilikuwa kukagua pori. Nilikaa na Mwajuma tawi kwa tawi, nikimwambia hili linanyooka mno, hili la mvua umeliweka kiangazi. Elias alitaka mbung'o wawe wakubwa kama njiwa. Nikamwambia wa kawaida anatosha, aliyewahi kuumwa atajikuna mwenyewe. Kucheza sikuweza. Nilikufa kwa kiu, nilikufa kwa nyuki, mara moja nilikufa kwa kuanguka kutoka kwenye mti ambao sikukumbuka kuupanda. Ila siku pori lilipokamilika, Mwajuma aliniweka mbele ya kioo, akanivisha vile vya masikioni, nami nikaingia. Kijivu kile. Mchana ule. Nikasimama tu, sikwenda popote. Nilisikia harufu ya vumbi, naapa. Niliitwa chai mara mbili, sikusikia.

Kwa furaha hiyo nikawapa mlio wa gogo. Tulikwenda Itigi, Mwajuma akavisha maikrofoni yake soksi kwa ajili ya upepo, nami nikagonga: tatu, kisha mbili. Nikamweleza sheria yote kama nilivyoelezwa. Alisikiliza, amekaa juu ya kisiki, halafu akauliza polepole, "Mama, na kama anayegonga si mtu?"

Mwili ulinisisimka wote. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Na hapa ndipo penye kosa langu, liandikwe kwa jina langu: nilifurahi. Nikasema, "Mwanangu, hapo umewapata."

Ndivyo alivyozaliwa Mgongaji. Unatembea kichakani, kiu imekushika, unasikia ko, ko, ko. Ukijibu, anakuja. Humwoni mpaka amefika, na akifika umekwisha. Ukitaka kuishi usijibu, kaa kimya, kimbia upande mwingine. Toleo la kujaribia lilipotolewa kwenye simu, watu walilipokea kwa mayowe. Pale Itigi, kwenye vibanda vya kuchajia simu, vijana walikusanyika vichwa vimegusana, na kila mlio ulipotoka wote walisema kwa pamoja, "Usijibu! Usijibu!" Nilipita pale siku moja nimebeba kikapu, nikajisikia mtu maarufu.

Kisha Tatu akanipigia simu. Tatu ni binti wa Mzee Ntandu, anaishi naye. Mzee alikuwa amevuka themanini, na mizinga yake alikuwa bado anaitembelea ingawa kila mtu alimkataza. Alitoka alfajiri, hakurudi, na hii ilikuwa siku ya pili. Mwajuma hakusubiri nimwombe. Tulipanda basi la kwanza kwenda Manyoni, tukaunganisha Itigi.

Tulikuta vijana wa mtaani wamerudi kupumzika, wamekaa na chupa za maji. Walikuwa watu wazima, waendesha bodaboda na wachungaji, wenye nguvu zao. Walikuwa wamemtafuta kweli, mikono imechubuka.

"Mmesikia kugonga?" nikauliza.

Wakatazamana. Mmoja anaitwa Shabani, mwendesha bodaboda, akakuna kichwa.

"Tulisikia, mama. Jana asubuhi, tukiwa tunakata kuni, kabla hatujajua kama mzee amepotea. Na leo tena."

"Mkajibu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alicheka kidogo, kicheko cha aibu. "Mama, tunajua ni gemu. Tunajua. Lakini ukiwa mle ndani, mchana ule, halafu ukasikia... miguu haikuulizi. Tulikimbia."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono uliinuka kabisa. Kisha nikamwona Mwajuma amesimama pembeni, nikaushusha. Wa kuzabwa kofi nilikuwa mimi.

Nikachukua shoka la Tatu, nikamwambia Shabani atuonyeshe aliposikia mlio, kisha asimame hapo njiani agonge gogo bila kuacha ili tuwe na pa kurudi. Tukaingia wawili. Saa sita tena. Kila baada ya hatua ishirini niligonga tatu, tukasubiri. Nyuma gogo la Shabani tu, mbele hakuna jibu. Joto lilikuwa linatetemeka juu ya vijiti, na mimi nilikuwa nauona mgongo wa mzee mbele yangu, unaonekana, unapotea, kijana bado, ana shoka begani. Nilijua si yeye. Niliufuata hata hivyo kwa sababu sikuwa na kingine cha kufuata. Niliogopa, nasema wazi. Sikuogopa kichaka, niliogopa kumkuta amekufa akiwa anatusikia.

Tulikwenda hivyo sijui muda gani. Nikagonga. Na mbele yetu, kushoto kidogo, kwa udhaifu sana, kikaja: ko.

Mara moja tu. Nikainua shoka nijibu. Mwajuma akanikamata mkono kwa mikono yote miwili, kucha zikaniingia.

"Mama, usijibu!"

Alikuwa hataki kuniachia. Yeye aliyemchora Mgongaji. Yeye aliyekaa usiku na mchana akiupunguza na kuuongeza mlio ule mpaka ukaiva. Aliniachia mwenyewe baada ya kusikia alichosema, akaziba mdomo, na machozi yakaanza.

"Shika," nikamwambia, nikampa shoka. "Jibu wewe."

Akagonga mbili. Gogo lilipasuka.

Mzee Ntandu alikuwa ameegemea mti wa mzinga wake, mguu mmoja umevimba kama mtungi, midomo imepasuka, mkononi ameshika kipande cha kuni. Nyuki walikuwa wanapita juu yake bila kumjali. Tulimlowesha midomo kwanza, tone kwa tone, Mwajuma amekishika kichwa chake mapajani. Alinitambua.

"Binti," akasema. "Kwa hiyo na wewe umekufa?"

"Hujafa, mzee. Hakuna aliyekufa."

Alilamba midomo. "Niliwasikia watu jana," alisema. "Karibu kabisa, wanaongea, wanacheka. Nikagonga. Wakakimbia. Leo nikagonga tena, wakakimbia tena. Nikajua basi, nimeshakufa. Mtu aliye hai akigonga anajibiwa."

Shabani na wenzake, walioufuata mlio wa Mwajuma, walimbeba mpaka barabarani, wakapokezana, na Shabani hakukubali kupokewa zamu yake.

Hospitalini mguu ulifungwa plasta, maji akaongezwa, daktari akasema ataishi. Siku ya tatu, asubuhi, nilikaa kando ya kitanda chake na Mwajuma, nikamweleza yote. Kwamba mlio alionifundisha niliutoa. Kwamba nilisifiwa kwa ajili yake. Kwamba wale vijana hawakuwa wabaya. Sikupamba. Elias alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo, akasema anasikitika mno lakini tusiguse kitu, Mgongaji ndiye gemu yenyewe, tukimtoa hakuna atakayecheza. Hilo pia nilimwambia.

Mzee alitazama mguu wake wa plasta. Nikasubiri anilaani, maana ilikuwa haki yake.

"Hebu nimwone," akasema.

Mwajuma akamwekea simu mkononi, akamwonyesha pa kugusa. Mzee aliingia kichakani kwa kidole kimoja. Alitabasamu. Akauita mti mmoja kwa jina lake, akasema mmeuweka vizuri. Akatembea taratibu, hana haraka, wagonjwa wa vitanda vya jirani wamenyoosha shingo. Kisha simu ikalia: ko, ko, ko.

Mzee akajibu pale pale. Akafa.

"Babu, huyo hajibiwi," Mwajuma akasema. "Ukijibu anakuua."

"Nimeona."

Akaanza upya. Ko, ko, ko. Akajibu. Akafa. Mgonjwa wa kitanda cha tatu akapaza sauti, "Mzee, usijibu! Kimbia!" Mzee hakumsikiliza. Alijibu mara ya tatu, ya nne, ya tano, bila hasira, na kila mara alipojibu aliinua kichwa kidogo kama mtu anayetegea hatua.

"Babu," Mwajuma alisema, "huyo si mtu."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemtengeneza."

Mzee akashusha simu kifuani, akamtazama. Hakumkasirikia hata kidogo, na ndiyo maana iliuma.

"Ulimtengeneza wewe," akasema, "halafu ukamwacha humo peke yake anagonga?"

Mwajuma alilia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama tumefiwa.

Ilimchukua Mwajuma wiki tano kumbadilisha Mgongaji, na Elias alimpinga wiki tatu za mwanzo, kisha akavuta kiti akakaa kumsaidia. Nilikagua kila hatua, na siku kazi ilipokwisha nilikabidhi funguo za chumba, nikarudi kwangu. Nimesikia baadhi yenu mliokuja majuzi mmeshaanza kuuliza kwa nini Mgongaji wetu ukimkimbia unapotea moja kwa moja, na ukimjibu anakuja polepole, anachechemea, anakaa chini karibu nawe na kuomba maji. Mmesema hatishi vya kutosha. Mmesema mkirudisha alivyokuwa itakuwa kazi ya asubuhi moja.

Naamini ni kazi ya asubuhi moja. Mkishamrudisha, mtaniita mimi au mtamwita nani kwenda kumwambia mzee?